Uvira, mji wa mwambao: nani alifika kwanza, na maji yalifika wapi?

Mtu akisimama kwenye barabara kubwa inayopita Kasenga, kaskazini ya mji wa Uvira, anaona kwa jicho moja sababu ya historia yote ya mahali hapa. Magharibi kuna milima ya Mitumba, imesimama karibu kama ukuta. Mashariki kuna ziwa Tanganyika, na usiku taa za Bujumbura zinaonekana ng'ambo. Kati ya mlima na maji kuna kipande cha ardhi chembamba, kilometa chache tu kwa upana, na hapo ndipo mji wote umejengwa.

Katika mtaa kama Kasenga, Mvira anaishi ukuta kwa ukuta na Mfuliiru, Mbembe, Mrundi, Mshi, Mrega na Munyamulenge. Wanachota maji kwenye bomba moja na kununua ndagala kwa mama mmoja. Lakini kila nyumba ina habari yake ya kueleza babu alitoka wapi na alishuka au alivuka mwaka gani. Kila mara vita vinapokaribia, au ziwa linapopanda, maswali mawili yanarudi vinywani mwa watu. La kwanza: huu udongo ni wa nani? La pili: tuhamie wapi?

Swali la kwanza limebishaniwa miaka mingi na limemwaga damu. La pili huulizwa mafuriko yakija, na maji yakishuka linasahauliwa. Ukifuata historia ya mwambao huu tangu karne ya 19, utaona kwamba maswali hayo mawili hayawezi kutenganishwa.

Nchi ya Bavira

Jina lenyewe linaeleza mwanzo. Uvira ni nchi ya Bavira, kama vile Urundi ilivyo nchi ya Warundi na Urega nchi ya Warega. Masimulizi mengi ya Bavira yanawaleta mababu kutoka magharibi, nyuma ya milima, upande wa Maniema na mto Lualaba. Walishuka hadi ziwani wakawa wavuvi na wakulima, chini ya ukoo wa kifalme unaojulikana kwa jina la Lenge. Mpaka leo utawala wa kimila wa Bavira unashika mwambao unaozunguka mji.

Hawakuwa peke yao. Bafuliiru walikaa kwenye vilima vya kaskazini-magharibi, na mwami wao, wa ukoo wa Bahamba, ana makao yake Lemera. Katika bonde la Ruzizi walikaa Warundi, ambao serikali ya kikoloni iliwatambua kuwa na eneo lao, na makao makuu Luberizi. Kusini, kuelekea Fizi na Baraka, ni nchi ya Babembe. Juu kabisa, kwenye nyanda za Itombwe penye baridi na majani mazuri, walikuwa wafugaji ambao leo wanaitwa Banyamulenge, kwa jina la Mulenge, kilima kilicho ndani ya teritware ya Uvira.

Watu hawa walitegemeana kwa chakula. Samaki alipanda mlima, na maziwa, maharagwe na majembe vilishuka. Ndoa nazo zilivuka mipaka ya makabila. Wageni wa kwanza walioandika habari za Uvira waliikuta tayari ni mahali pa soko, penye watu wa aina nyingi.

Mitumbwi kutoka Ujiji

Wageni hao walifika mwishoni mwa Aprili 1858. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka Ujiji kwa mitumbwi miwili ya Kannena, mkubwa wa Kawele, wakitafuta mto uliosemekana kutoka kaskazini ya ziwa. Walitumaini kwamba Ruzizi ndiyo mwanzo wa Nile. Huko Uvira walipokelewa na wana wa mtawala ambaye Burton alimwandika kwa jina la Maruta. Vijana hao waliwaeleza wazi: Ruzizi haitoki ziwani, inaingia ziwani. Wazungu hawakufika mdomoni mwa mto kuhakikisha. Walirudi Ujiji na mashaka yao. Ilibidi miaka 13 ipite, mpaka Novemba 1871, ndipo Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi hadi mwisho wa ziwa na kuona kwa macho jambo ambalo watoto wa Uvira walilijua tangu zamani.

Katika maandishi ya Burton kuna jambo lingine linalogusa historia ya makao. Uvira ilikuwa kituo cha mwisho kaskazini ambacho wafanyabiashara wa pwani na wa Ujiji walikuwa wakifika. Walifuata pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti, vyombo vya chuma, na watumwa. Yaani Uvira iliingia katika biashara ya dunia kupitia ziwa, na bidhaa mojawapo ilikuwa mwanadamu.

Pamoja na biashara hiyo ilikuja lugha. Waungwana, watu waliofuata misafara kutoka Zanzibar, Tabora na Ujiji, walileta Kiswahili na dini ya Kiislamu kwenye mwambao wa magharibi. Wengi wao hawakuwa Waarabu. Walikuwa Wanyamwezi, Wamanyema na watu wa makabila mengine waliovaa kanzu, wakajifunza lugha ya pwani na kuanza maisha mapya. Ndiyo sababu leo mtu wa Kasenga anaweza kuongea na mtu wa Kigoma bila mkalimani. Kiswahili hapa kilitangulia shule na serikali.

Katika miaka ya 1880 mkubwa wa ziwa la kaskazini alikuwa Muhammad bin Khalfan, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, aliyekaa Ujiji. Watu wake walitesa mwambao wote kwa kuteka watu, ingawa Mwami Mwezi Gisabo wa Burundi aliwazuia wasiingie nchi yake. Vijiji vingi vya ziwani vilihama kwenda milimani kwa hofu. Wamisionari wa Afrika, Mapadri Weupe, walianzisha misheni ya Kibanga, upande wa Ubwari, mwaka 1883, na watu waliokimbia utumwa walikusanyika karibu nao.

Bula Matari na mpaka wa Ruzizi

Nguvu ya Rumaliza ilivunjwa mwaka 1894 na askari wa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold. Lakini amani haikuja. Mwaka 1897 askari wa Kongo waliokuwa chini ya Dhanis waliasi, na kwa miaka kadhaa eneo la Kivu na Ruzizi likawa uwanja wa vita kati yao na serikali. Mwaka 1900 kundi la mwisho lilivuka na kuweka silaha chini mbele ya Wajerumani.

Wajerumani nao walikuwa wamejenga kituo cha Usumbura, ng'ambo ya ziwa, na walidai bonde lote. Ugomvi huo uliisha kwenye meza ya Brussels mwaka 1910, pale Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza zilipokubaliana juu ya mipaka. Mto Ruzizi ukawa mpaka wa dola mbili. Hakuna Mvira wala Mrundi aliyeulizwa. Familia zilizokuwa na shamba ukingo huu na wajomba ukingo ule ziliamka zikiwa za nchi mbili.

Miaka minne baadaye mpaka huo ulileta vita. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani walishambulia Mokolobu, kusini ya Uvira, na kuharibu mitumbwi. Ni moja ya mapigo ya kwanza ya Vita Kuu ya Kwanza katika ardhi ya Kongo. Mwaka 1916 Wabelgiji walivuka Ruzizi, wakateka Usumbura, na kuendelea mpaka Tabora. Mizigo ya vita hiyo ilibebwa vichwani na wapagazi Waafrika.

Katika miaka hiyohiyo malale iliua watu wengi kwenye mwambao wa Tanganyika. Watawala wa pande zote waliona dawa moja, kuwaondoa watu penye mbung'o. Vijiji vikahamishwa tena. Kwa hiyo, kabla ya mwaka 1920, mwambao ulikuwa umekwisha kuhamwa na kukaliwa upya zaidi ya mara moja, kwa sababu ya utumwa, vita na ugonjwa. Mtu anayedhani kwamba zamani kila ukoo ulikaa kimya pale pale ulipo leo hajasikiliza vizuri habari za wazee.

Pamba, reli na sukari

Amani ya mkoloni ilileta kazi za lazima. Bonde la Ruzizi, lenye joto na udongo mzuri, liligeuzwa kuwa shamba la pamba. Kila mwanaume alipewa kipimo cha kulima, na aliyeshindwa aliadhibiwa. Ili kutoa mazao ya Kivu, Wabelgiji walijenga mwanzoni mwa miaka ya 1930 reli kutoka bandari ya Kalundu, kusini ya mji, hadi Kamanyola, iliyoitwa Cefaki. Ilikuwa na urefu wa kilometa zipatazo 90. Barabara ilipoimarika reli ikaonekana hasara, ikang'olewa kabla ya uhuru. Bandari ilibaki, ikiunganisha Uvira na Kalemie na Kigoma.

Shule na dispensari zilikuja pamoja na makanisa. Wapentekoste kutoka Sweden walifika Uvira mwaka 1921, na kazi yao ndiyo chanzo cha jumuiya ambayo leo inajulikana kama CEPAC. Upande wa Kikatoliki, jimbo la Uvira liliundwa mwaka 1962. Karibu na mwaka 1950 kilianzishwa kituo cha utafiti wa ziwa, ambacho leo kinaitwa CRH. Watu wake wamechunguza samaki na maji ya Tanganyika kwa zaidi ya miaka 70.

Katika miaka ya 1950 kiwanda cha sukari kilijengwa Kiliba, kaskazini ya mji. Mashamba ya miwa yalihitaji mikono mingi, na watu walishuka kutoka Walungu, Kaziba, Lemera na Mwenga kutafuta mshahara. Wengine walivuka kutoka Burundi na Rwanda. Mfanyakazi aliyemaliza mkataba mara nyingi hakurudi kwao. Alinunua kiwanja kwa mzee wa mahali, akaoa, akajenga nyumba ya matofali mabichi. Mitaa ya kaskazini, iliyo njiani kati ya mji na Kiliba, iliongezeka kwa watu wa namna hiyo.

Waliokuja wakikimbia

Baada ya uhuru wa 1960, waliofuata hawakuja kutafuta mshahara. Walikuwa wakikimbia kifo. Kwanza walikuwa Watutsi wa Rwanda, waliofukuzwa tangu 1959. Kisha vita vikaanza Uvira kwenyewe. Mwaka 1964 waasi wa upande wa Mulele na Soumialot, pamoja na wapiganaji wa bonde la Ruzizi walioongozwa na Musa Marandura, waliuteka mji katika mwezi wa Mei. Watu wengi walikimbilia Burundi, na wengine walikaa porini miaka. Huko Fizi uasi uliendelea muda mrefu.

Mwaka 1972 zamu ikawa ya Warundi. Mauaji makubwa yaliyowalenga Wahutu katika nchi yao yaliwaleta maelfu ya wakimbizi upande huu wa Ruzizi. Mwaka 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, wakaja wengine. Mwaka 1994 wakafuata Wanyarwanda baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi. Kufikia 1996 kambi zilizozunguka Uvira zilikuwa na watu zaidi ya 200,000, wengi wakiwa Warundi. Kuni, maji na mashamba havikutosha, na ndani ya kambi walikuwemo watu wenye silaha.

Oktoba 1996 moto ukawaka. Tarehe 6 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Tarehe 24 mji wa Uvira ukaangukia mikononi mwa AFDL. Kiliba ilifunga milango yake, na maelfu ya familia zilizoishi kwa miwa zikabaki bila kitu. Vita vya pili vilianza Agosti 1998. Mwisho wa mwaka huo mamia ya raia waliuawa Makobola, kusini ya mji. Agosti 2004, huko Gatumba, hatua chache kutoka mpaka wa Kavimvira, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa usiku mmoja. Kila kabila la eneo hili lina kaburi la pamoja la kukumbuka, na kila moja lina jirani linayemlaumu.

Vijiji vya milimani navyo viliendelea kushuka. Mtu aliyechomewa nyumba huko juu alikuja mjini kwa ndugu, akakaa sebuleni mwezi mmoja, kisha akatafuta kiwanja cha bei ndogo. Viwanja vya bei ndogo vilikuwa wapi? Kwenye mteremko uliokatwa miti, kando ya mito, na ufukweni kabisa.

Mwaka 1885 na kina cha ziwa

Sasa turudi kwenye lile swali la nani alifika kwanza. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilisema kwamba Mzaire ni mtu ambaye mababu zake walikuwa kwenye ardhi ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Tarehe hiyo ilichukuliwa kutoka kwenye karatasi za Leopold. Kwa Uvira ilikuwa kama kuwasha kiberiti, kwa sababu ilimtaka mtu athibitishe kwa ushahidi mahali alipokuwa babu wa babu yake, kabla hakujakuwa na mpaka, ofisi wala daftari. Iliwakandamiza hasa Banyamulenge, na ilikuwa mojawapo ya vyanzo vya vita vya 1996. Sheria ya mwaka 2004 ilipanua mlango: inatambua makabila yaliyokuwa kwenye ardhi iliyokuja kuwa Kongo wakati wa uhuru. Hata hivyo katika mazungumzo ya mtaani, 1885 bado inatajwa kama mwaka wa kupimia watu.

Lakini ziwa nalo lina kumbukumbu zake za miaka hiyo. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kwenye upande wa Kalemie. Cameron aliuona mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na majani. Maji ya mvua na ya mito yote, pamoja na Ruzizi, yalikuwa yakijaa bila kutoka. Karibu na mwaka 1878 kizibo kilivunjika. Mmisionari Edward Hore, aliyefika 1879, alikuta maji yakitoka kwa nguvu. Katika miaka kama 15 ziwa lilishuka kwa mita zipatazo 10. Huko Ujiji, ukumbusho wa mahali walipokutana Livingstone na Stanley leo uko mbali na maji, na kila anayeutembelea anashangaa.

Uvira ni ukingo wa ziwa hilohilo. Kwa hiyo kile kilichotokea Ujiji kilitokea hapa pia. Mwaka 1858, wakati wana wa Maruta wanazungumza na Burton, ufukwe ulikuwa juu kuliko ulipo leo. Hata mwaka 1885, ule mwaka wa sheria, sehemu za chini za mwambao ndiyo kwanza zilikuwa zinatoka majini. Katika baadhi ya viwanja vinavyogombaniwa leo, aliyefika kwanza alikuwa samaki.

Na ziwa halikushuka moja kwa moja. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zililipandisha mpaka likafika juu sana mwaka 1964, uleule mwaka wa uasi. Kisha likashuka tena, na watu wakafuata maji chini, wakijenga kwenye mchanga uliokauka. Kizazi kimoja kikapita, na waliokumbuka 1964 wakapungua.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha milimani, na mto Mulongwe pamoja na mito mingine inayokata mji ikatoka kwenye njia zake. Ilishuka na mawe na magogo. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilianguka, na makumi ya maelfu wakalala nje, mashuleni na makanisani. Baada ya hapo ziwa likaanza kupanda, na mwaka 2024 likarudi karibu na alama za 1964. Nyumba, maduka na barabara za ufukweni ziliingia majini, Uvira na Bujumbura vilevile.

Maji hayo hayakuuliza cheti cha uraia. Nyumba ya mwenyeji na nyumba ya mkimbizi ziliondoka pamoja, kwa sababu zilijengwa kwenye mstari mmoja. Wote wawili walikuwa wamenunua kiwanja kwa mtu aliyekuwa na mamlaka ya kukiuza, wa kimila au wa serikali, na hakuna aliyewaonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho.

Kumbukumbu hizo zipo. Watafiti wa ziwa wana vipimo. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1964 bado wapo wachache, na wanaweza kuonyesha kwa kidole mti au ukuta ambapo maji yalisimama. Ofisi za ardhi na watawala wa kimila wana majina ya waliopewa viwanja. Kwingineko kwenye mito na maziwa, watu huchora alama ya maji makubwa kwenye nguzo, ili mjukuu asijenge chini yake. Uvira haina haja ya kusubiri mradi mkubwa ili ifanye hivyo. Rangi, brashi na mzee mwenye kumbukumbu vinatosha kuanza, mtaa kwa mtaa, Kasenga hadi Kalundu.

Swali la nani alifika kwanza litaendelea kuulizwa, na historia inalijibu kwa namna isiyomfurahisha mgomvi yeyote: mwambao huu ulijazwa na watu walioshuka, waliovuka na waliokimbia, na wengi wao walihamishwa zaidi ya mara moja. Bavira walikuwa na makao na jina hapa kabla ya mitumbwi ya Ujiji, na hilo linastahili heshima. Wengine wamezikwa hapa vizazi kadhaa, na hilo pia haliwezi kufutwa. Kilicho cha haraka ni viwanja vilivyo chini ya alama ya 1964, kwa maana msimu wa mvua unarudi kila mwaka, na familia bado zinajenga humo.